Moshi: Nimeuziwa baiskeli ya mtumba yenye fremu iliyovunjika, ikachomelewa na kufunikwa kwa puti na rangi

Wakuu, nawasalimu. Naomba mnivumilie, hasira haijaniisha na sitaificha.

Kijana wangu wa kidato cha tatu amefungwa plasta mkononi na ameshonwa kidevuni. Chanzo ni mfanyabiashara wa baiskeli za mtumba hapa Moshi mjini, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyechukua fremu iliyovunjika, akaichomelea kienyeji, akaipiga puti ya mabati ya magari, akapuliza rangi nyeusi juu, kisha akaniuzia kwa shilingi 320,000 huku akiapa kwa Mungu kwamba ni mzigo namba moja. Jina lake sitaliweka hapa, suala liko polisi na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ninayo mkononi. Ila alichofanya lazima kisemwe hadharani, maana hayuko peke yake na baiskeli za namna hii bado zimepangwa barabarani zikisubiri wateja.

Siku ya kununua nilikagua. Nasema mapema kwa sababu najua kuna wa kuja kuniuliza "kwani hukuangalia?" Niliinyanyua nikazungusha magurudumu yote mawili, ringi zilikuwa zimenyooka. Nilivuta breki ya mbele ikashika. Niliangalia cheni, nikacheza na kranki (mikono ya pedali) kusikiliza beringi kama zina mchezo. Nikaiendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Nikamuuliza mbona rangi inaonekana mpya. Akanijibu bila kupepesa macho: "Mangi, hii imeshuka kwenye kontena wiki hii hii, ni ya Uholanzi, kuna mzee alikuwa anaendea kanisani tu. Nimeipuliza kidogo kuondoa mikwaruzo ya safari." Mikwaruzo ya safari! Alikuwa anajua kabisa kilichoko chini ya ile rangi, ndiye aliyekifunika.

Kijana alikuwa anatoka kwa bibi yake Kibosho, anashuka mjini. Kwenye mteremko, kabla ya kona, fremu ikaachia pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani. Haikupinda wala kutoa mlio wa kumtahadharisha, iliachia ghafla, gurudumu la mbele likaenda kwake na mtoto akaenda kwake. Nyuma yake hapakuwa na gari. Hilo tu ndilo lililomwokoa, sitaki hata kulifikiria zaidi. Vijana wawili wa bodaboda ndio waliomwokota, wakamkimbiza hospitali na kunipigia simu. Kama mnasoma hapa, Mungu awabariki sana, na nawatafuta niwashukuru ana kwa ana.

Nilipeleka vipande kwa fundi baiskeli ninayemwamini. Akachukua msasa akasugua pembeni ya mpasuko. Chini ya rangi kukatoka puti, ile ile ya kunyooshea mabati ya magari. Chini ya puti kukatokea mshono wa kuchomelea, umevimba na kujaa matobo, halafu umesagwa na grenda ili usionekane. Akachukua sumaku akaiweka kwenye bomba, ikaanguka. Akatikisa kichwa akasema: "Mzee, hii ni aluminiamu. Hii haichomelewi hivi."

Niwaeleze wasiojua, kwa sababu hapa ndipo roho za watu zinapochezewa. Fremu ya chuma, kama zile Phoenix za Kichina au baiskeli za Kihindi tulizokua nazo, ikivunjika fundi mzuri anaweza kuichomelea na ikabeba tena mkungu wa ndizi miaka mingine mingi. Chuma kinavumilia. Aluminiamu ina tabia nyingine kabisa. Fremu nyingi za aluminiamu, zikishachomelewa kiwandani, huingizwa kwenye tanuru na kupashwa moto kwa kipimo ili zirudishiwe ugumu wake, kwa sababu joto la kuchomelea linalegeza eneo lote linalozunguka mshono. Ukija wewe na mashine yako ya mageti ukaichoma mtaani, hata mshono ukishika, pembeni yake umeacha sehemu dhaifu. Tena aluminiamu inachoka: kila shimo la barabarani na kila tuta linaongeza ufa kidogo kidogo hata kama mzigo ni mdogo. Juu kumepakwa rangi, chini ufa unatembea, na mwendeshaji hana dalili yoyote mpaka siku inapoachia.

Halafu mtu anauza kitu hicho Moshi! Mji wetu uko mita mia nane na ushee juu ya usawa wa bahari, na geti la Umbwe la kupandia Kilimanjaro liko kwenye mita 1,600 hivi. Kibosho, Uru, Machame, Old Moshi, kote ni kupanda na kushuka. Muuzaji wa hapa anajua mteja wake ataenda wapi na hiyo baiskeli. Anajua ni mtoto wa shule, au mama anayeshusha maziwa, au kijana mwenye tenga la parachichi kwenye keria. Kule Uholanzi nchi ni tambarare, baiskeli ya kuendea kanisani haikutani na mteremko wa Kibosho.

Na hapo sijagusa breki. Baiskeli nyingi za aina hii breki yake ya nyuma ni ile ya kurudisha pedali nyuma, iko ndani ya habu (kitovu cha gurudumu). Kwenye tambarare ni breki nzuri, haili mpira wala hailowi mvua. Kwenye mteremko mrefu ule mtungi mdogo unapata moto mpaka grisi inayeyuka na kuungua, na breki inapungua nguvu wakati unapoihitaji zaidi. Tena inafanya kazi kwa cheni: cheni ikichomoka au kukatika, breki ya nyuma huna. Muuzaji mwenye utu angemwambia mteja hivyo kabla ya kupokea hela. Mimi niliambiwa "breki za kisasa hizo, mzee wangu."

Tairi nalo. Aliniambia ni inchi 28, utapata kila duka. Ya nyuma ilipoanza kupasuka pembeni (mpira ulikuwa umekauka, sijui ulikaa stoo miaka mingapi), nikaenda kununua 28. Ikapwaya. Kumbe 28 ya Phoenix na 28 ya baiskeli hizi za Ulaya ni saizi mbili tofauti. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya Phoenix inaishia na 635, hizi za Ulaya zinaishia na 622. Milimita kumi na tatu za kipenyo, hata ulazimishe vipi haikai sawa kwenye ringi. Mtu anayeuza baiskeli kila siku hawezi kuniambia hajui hilo.

Sasa sikieni alichonijibu nilipomrudishia vipande. Hakuuliza mtoto anaendeleaje. Sentensi yake ya kwanza: "Mtumba hauna garantii. Uliiona, ukaridhika, ukalipa." Nikamwonyesha puti. Akasema alinunua hivyo hivyo kutoka kwa mwenye kontena. Huyu huyu aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba alipuliza mwenyewe! Nikamtajia gharama za hospitali, akaniambia kijana wangu huenda alikuwa anaendesha vibaya. Pale ndipo nilipoondoka, kwa sababu ningebaki ningefanya kitu kibaya.

Hiyo kauli ya "mtumba hauna garantii" tumeizoea mpaka tunaidhani ni sheria, na wauzaji wamejificha nyuma yake miaka yote. Tanzania tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani kwa maelezo yake anatakiwa kuuza kitu kinachofaa kuuzwa kama hicho alichokieleza. Kukagua kwa mnunuzi kunamkinga muuzaji kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ungeweza kuionyesha. Ufa uliofunikwa kwa puti na rangi makusudi unaonekanaje kwa macho? Na kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kwenye biashara. Mtumba ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Nguo ya mtumba ikiwa na tobo, unapata tobo. Baiskeli ikiwa na ufa wa siri, unapata maiti.

Watakuja wa "si ungenunua mpya." Ndugu zangu, mpya yenye gia na ya uhakika ni hela ngapi, na mshahara wa mtu wa kawaida hapa Moshi ni ngapi? Mtumba ndio uliotufanya wengi tuwe na baiskeli, friji, na hata viatu vya watoto vya shule. Nina baiskeli nyingine ya mtumba, ya Kijapani, ile ya kikapu mbele, niliinunua Arusha upande wa Kilombero na mke wangu anaiendea sokoni mpaka leo bila tatizo. Yule muuzaji alinionyesha mwenyewe kwamba foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) imewahi kunyooshwa, akanipunguzia bei, akaniandikia karatasi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuuza mtumba na ukabaki mtu mwenye heshima. Msiniambie biashara ndivyo ilivyo.

Fremu ya aluminiamu ikishavunjika, iuze kwa kilo kwa wanunua chuma chakavu. Ondoa magurudumu, kranki, kiti na kengele, uza spea, utapata hela yako vizuri tu. Ukiona lazima uiunganishe, iache mshono wazi, mteja auone na aamue. Puti haina kazi yoyote kwenye baiskeli isipokuwa kudanganya. Naomba hata mafundi wa kuchomelea mnisikie: mnapoletewa bomba la aluminiamu la baiskeli na mtu anataka "lisionekane", mnajua linakwenda wapi.

NYONGEZA: Wengi mmeuliza nimefikia wapi. Mwenyekiti wa mtaa alimwandikia wito, hakufika. Sasa naenda Mahakama ya Mwanzo, nina ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha jina lake na kiasi, nina picha za mshono, na fundi amekubali kuja kutoa ushahidi. Jana amenitumia mtu aniambie atanirudishia laki moja niifute mada hii. Sifuti. Nataka 320,000 yangu yote na gharama za hospitali, na nataka zile nyingine alizonazo azitoe sokoni.

Na hili ndilo la haraka kuliko yote. Kwenye mzigo ule niliona nyingine kadhaa zimepulizwa rangi hiyo hiyo, nyeusi isiyong'aa, fremu ya bomba moja la kushuka, ya kike, gia tatu za ndani, keria ya fedha. Kama wewe au jirani yako amenunua ya namna hiyo Moshi mjini miezi ya karibuni, msiipande. Weka sumaku kwenye bomba karibu na shingo ya usukani. Kama haishiki, chukua msasa usugue kwenye maungio, chini na pembeni. Ukikuta puti, niandikie inbox ukiwa na picha, twende pamoja.