Boksi moja, majina mawili: naomba ushauri kabla sijalipa mchapishaji

NjuguKibuye: Habari zenu wadau. Mimi hukaanga njugu karanga hapa Kisumu. Mkaanga kahawa mmoja wa Nakuru anataka tutoe boksi la zawadi za Krismasi, pakiti yake na yangu ndani, maboksi 200. Jina lake ni kubwa kuliko langu. Mchoro alionitumia una nembo yake mbele nzima, jina langu liko chini kwa herufi za kusomea miwani. Siku tatu nautazama tu. Sitaki kumpoteza, lakini njugu hizi ndizo zimesomesha wanangu.

Tena naogopa uchapishaji. Mwaka jana kijani kilichong'aa kwenye simu kilitoka kama majani makavu, na mafuta ya njugu yakapenya boksi. Hasara yote ikawa yangu.

FundiWino: Pole sana dada. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine kwa wino wa rangi nne, kwa hiyo faili iandaliwe kwa CMYK, yaani mfumo wa rangi hizo nne, tangu mwanzo. Dai sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile itakayotumika, maana karatasi ya kahawia hufifisha rangi. Rangi ya pembeni ivuke mstari wa mkato kwa milimita 3, la sivyo utaona ukingo mweupe.

Kwa maboksi 200 usikubali ofseti, yaani uchapaji wa mabamba. Kila rangi ina bamba lake, na gharama ya mabamba ni ileile uchape 200 au 20,000. Tafuta mashine ya dijitali. Tena boksi lenyewe usilichape kabisa! Nunua maboksi matupu, uchape mkanda wa karatasi wa kuyazunguka. Mkiachana Januari, maboksi yaliyobaki bado yana kazi.

KahawaGusii: Boksi halizuii mafuta, pakiti ya ndani ndiyo huzuia. Njugu zikae kwenye pakiti ya foili iliyozibwa kwa joto. Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa, kwa hiyo mfuko wake uwe na valvu ya kuitoa nje. Bila kuziba vizuri, njugu zako zitanukia kahawa. Na nje ya boksi andikeni wazi kwamba ndani mna njugu, kwa ajili ya wenye mzio. Alama ya KEBS (Shirika la Viwango Kenya) ibaki kwenye pakiti ya bidhaa iliyopewa kibali.

Nyarkisumo: Mchoro huo ukatae, mama, kwa upole. Mkanda una pande mbili: upande mmoja kahawa, wa pili njugu. Dukani Nakuru waonyeshe wake, Kisumu tuonyeshe wako.

FundiWino: Wazo zuri, lakini picha za mtandaoni zitaonyesha upande mmoja tu. Majina yote mawili yawe kila upande, kimo kimoja. Muandikiane pia nani analipa, mchoro ni wa nani, na maboksi yasiyouzwa yanaenda wapi.

NjuguKibuye: Asanteni, mmenipa moyo. Nampigia kesho asubuhi kabla hajaenda kwa mchapishaji. Mkanda uwe karatasi ya uzito gani?

FundiWino: Gramu 150 kwa mita mraba hukunjika bila kupasuka. Boksi, 300. Na sampuli uishike mkononi kabla hujatoa hata shilingi moja.