Nitakuwa macho wakati wa upasuaji wa kope: hufanyika nini hasa?

Muulizaji
Ndugu zangu, ngozi ya kope zangu za juu imelegea hadi inalalia nywele za kope, na daktari amekubali kuipunguza. Ameniambia sitalazwa usingizi, na hapo ndipo woga uliponishika. Je, nitakiona kisu?

Nesi wa chumba cha upasuaji
Pole, dada. Kazi ninayoiona kuwa nyeti kuliko zote hutangulia kisu: ukiwa umeketi wima, kwa kuwa ukilala ngozi huhama mahali pake, daktari huchora mstari kwenye mkunjo wa asili wa kope, kwa kawaida milimita 8 hadi 10 juu ya nywele, kisha huibana ngozi ya ziada kwa koleo dogo akiangalia kama jicho bado litafumba. Kati ya nyusi na nywele za kope huachwa ngozi isiyopungua milimita 20 hivi, maana ikikatwa kupita kiasi jicho hubaki wazi hata usingizini na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, hukauka. Ngozi iliyobaki zaidi inaweza kupunguzwa baadaye, iliyokatwa hairudi.

Hufuata sindano ya ganzi, mara nyingi lidokeini yenye adrenalini inayosinyaza mishipa ya damu. Ngozi huondolewa, pengine na utepe wa msuli na mafuta kidogo, vimishipa vinavyovuja huzibwa kwa joto la umeme, kisha jeraha hushonwa kwa uzi mwembamba sana.

Niliyepitia
Kisu sikukiona, kwani macho yalikuwa yamefumba. Nilichoona ni wekundu wa taa kupitia kope. Sindano ilichoma kwa sekunde chache, na baada ya hapo nilihisi kuvutwavutwa tu. Kilichonishtua, kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha, ni harufu ya kuungua wakati damu ilipokuwa ikizibwa. Siku ya pili nilivimba kuliko ya kwanza. Nyuzi zilitolewa siku ya 6.

Muulizaji
Asanteni sana. Natumia aspirini kila siku, niache?

Nesi wa chumba cha upasuaji
Usiache kwa uamuzi wako. Mweleze daktari wako sasa, aamue yeye. Na ukisharudi nyumbani, maumivu makali yanayozidi, jicho kutokeza au uoni kufifia visisubiri asubuhi: huenda damu inakusanyika nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea, kwa hiyo rudi hospitali saa ileile.