Je, kaya isiyo na choo itozwe faini?

Mtendaji Mstaafu: Ndugu zangu, nimekuwa mtendaji wa kijiji hapa Dodoma kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba kaya isiyo na choo itozwe faini kwa sheria ndogo, na fedha hiyo ibaki kijijini. Kampeni ya Nyumba ni Choo imehimiza vya kutosha, lakini bado wapo wanaokwenda porini alfajiri. Tusidanganyane kuhusu umaskini, kwa sababu mwenye ng'ombe ishirini zizini hawezi kudai kuwa ameshindwa kuchimba shimo.

Binti wa Kongwa: Shikamoo mzee wangu. Hilo la ng'ombe limeniuma. Mvua zikikatika Februari, mtama ukiwa haujatoa masuke, ng'ombe ndiye anayepelekwa mnadani ili watoto wapate ugali. Hiyo ndiyo akiba ya Mgogo. Akiba yako iko benki, na hakuna aliyewahi kuihesabu ili akutoze faini. Isitoshe, kijijini kwetu asiye na choo ni bibi mjane anayeishi peke yake, wala si mfugaji.

Muuguzi wa Zahanati: Naomba turudi kwenye afya. Ninaowaona mimi ni watoto wenye tongotongo, nzi wamewajaa machoni na hawawafukuzi tena kwa sababu wamewazoea. Hao ndio wanaoambukizwa vikope, yaani ugonjwa wa macho wa trakoma, mara kwa mara, hadi ukubwani kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho, na kinamama ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaolea.

Mfugaji wa Bahi: Tumeshafika kwenye nzi, na kinachofuata nakijua: tutaambiwa tuondoe mazizi. Wazazi wetu walihamishwa wakati wa Operesheni Dodoma ya kukusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, wakapangiwa nyumba karibu karibu, na leo mifugo ndiyo inayobebeshwa lawama!

Muuguzi wa Zahanati: Ndugu yangu, sijataja zizi. Nzi huyo wa machoni hupendelea kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na ndani ya shimo la choo hazaliani. Ndiyo maana choo ni kinga ya macho pia, pamoja na kumnawisha mtoto uso kila siku.

Mtendaji Mstaafu: Marahaba binti yangu, lakini hiyo benki unayoisema ungeijua usingeitaja. Kuna miezi mshahara ulichelewa, na choo changu nilikichimba kwa mikono yangu. Mwaka 1974, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walichimba vyoo bila kungoja mfadhili.

Binti wa Kongwa: Ilikuwa 1973, mzee. Na watu wazima karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, ndipo wakashika majembe. Mfano wako unaitetea hoja yangu ya kupinga faini.

Fundi wa Mpwapwa: Mnagombana kuhusu ng'ombe na mwaka, na shimo lenyewe hamjaliangalia. Penye kichanga, mvua za Januari hufumua mdomo wa shimo, kuta zinaporomoka, na aliyechimba kwa jasho lake anarudi porini kwa sababu anaogopa kutumbukia na mwanawe. Dawa yake inajulikana: shimo lijengewe kwa duara kuanzia chini, kwa matofali ya kuchoma, likipunguzwa kipenyo linavyopanda, kisha lifunikwe kwa bamba la zege lenye mfuniko. Lakini matofali hufyatuliwa kwa maji, na zege nayo huchanganywa kwa maji. Kiangazi, pampu ya kijiji inapoharibika, watu hufukua mchanga wa korongo kutafuta maji ya kunywa, na yanayopatikana hayatoshi hata kibuyu chirizi cha kunawia mikono. RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, imekuwapo tangu 2019, na vyombo vya watumia maji vinakusanya fedha za kila ndoo. Mimi nataka kujua kama fedha hizo zinatengeneza pampu kwa wakati, na kama mtendaji atakayemwandikia yule bibi stakabadhi ya faini atamwonyesha maji ya kufyatulia matofali yapo wapi.