Hivi Yankee Hotel Foxtrot ya Wilco ilipendwa kwa muziki au kwa stori yake?

Nyuzi_Sita:
Wakuu habari zenu. Hii albamu ya Wilco, bendi ya roki ya Marekani, naisikiliza sana siku hizi na kuna mahali nimekwama. Kila nikisoma habari zake nakutana na stori ileile, lebo iliikataa, bendi ikaiweka bure mtandaoni, lebo nyingine ikaichukua, ikauza zaidi ya nusu milioni Marekani, wanyonge wakashinda. Sawa, stori tamu nimeielewa. Ila mimi nikiwasha spika naskia nyimbo za kawaida tu za gitaa na kinanda halafu zimepakwa makelele juu. Sio mbaya, kuna mbili tatu nazipenda kwelikweli, ila sasa Reprise, hiyo lebo iliyoikataa, waliogopa nini hasa hapo? Na wale wakosoaji wa 2002, tovuti ya muziki ya Pitchfork wametoa kumi kwa kumi kabisa, walikuwa wanaipa maksi albamu au wanampa pole Jeff Tweedy, muimbaji wa bendi? Mnaoijua vizuri nifungueni macho, sitafuti ugomvi.

mzee_wa_kaseti:
Mkuu hiyo stori wengi wanaisimulia nusu. Reprise ni tawi la Warner, na mwanzoni mwa 2001 AOL na Time Warner ndo walikamilisha kuungana, kampuni likaanza kubana mkanda. Howie Klein aliyekuwa bosi wa Reprise na mtu wa kuwatetea Wilco akaondoka, waliobaki wakaletewa albamu wakaisikiliza wanatafuta wimbo wa kupeleka redioni, hawakuuona, basi. Hawakuogopa chochote, walipiga hesabu tu, na bendi yenyewe kabla ya hapo haikuwa inauza kivile. Jamaa wakaomba waondoke na rekodi zao wakaruhusiwa. Septemba 18, 2001 wakaimwaga yote kwenye tovuti yao, kwanza ilishaanza kuvuja hivyo hakukuwa na cha kuficha, wakaingia barabarani kupiga shoo na huko wanakuta watu wanaimba maneno ya albamu ambayo dukani haipo.

Sasa sikia utamu wenyewe. Nonesuch walioitoa Aprili 23, 2002 nao ni wa familia hiyohiyo ya Warner!! Yaani kampuni limelipia kutengeneza, likaikataa, halafu likailipia tena kupitia mlango mwingine. Ikaingia namba 13 kwenye chati ya albamu ya Billboard kule Marekani, kopi kama 55,000 wiki ya kwanza, hawajawahi kufika hata karibu na hapo kabla.

FundiMiksa:
Mimi nitashika hapo kwenye "zimepakwa makelele juu" maana hiyo ndo kazi yangu na naona umeigeuza kichwa chini miguu juu. Kelele hazikuongezwa mwishoni, zilifutwa. Albamu waliirekodi kwao wenyewe, pale studio yao ya Loft Chicago, Jay Bennett wa bendi akiwa anapiga karibu kila ala na wakati huohuo anashika mitambo, na studio ikiwa ya kwako hakuna anayekuhesabia saa kwahiyo unarundika tu, gitaa la tatu, kinanda cha nne, kengele, filimbi, kila wazo linapata treki yake. Ndo Tweedy akamleta Jim O'Rourke amiksi na O'Rourke akaanza kuzima vitu.

Chukua wimbo wa kwanza, I Am Trying to Break Your Heart, vaa hedifoni nzuri usiskilizie simu. Unakaribia dakika saba. Glenn Kotche, mpiga ngoma (alikuwa ndo kwanza ameingia, wamemtoa Ken Coomer mwanzoni mwa 2001) hapigi biti ya kukubeba moja kwa moja, anagonga anaacha, anarudi na vitu vingine kabisa, kinanda kinadondokea katikati ya mstari kama mtu kapita akakigusa, na sauti ya Tweedy imewekwa mbele kavu anaimba kwa uchovu kabisa. Halafu uondoe yote hayo kichwani ubaki na kodi za gitaa tu. Ni rahisi mno, mtu aliyeanza juzi anaweza kuupiga. Ulichosema nyimbo ni za kawaida uko sahihi na sio tusi, wimbo dhaifu ungekufa ukifanyiwa vile.

Upande_B:
Hapo sasa, kila mtu O'Rourke O'Rourke. Bennett jina lake lipo kama mtunzi mwenza kwenye nyimbo nyingi za hiyo albamu na ndo aliyerekodi, kazi imeisha akafukuzwa, na amefariki 2009 watu bado wanamsema kama kikwazo. Nenda kaangalie filamu ya Sam Jones kuhusu kutengenezwa kwa albamu hii, ile isiyo na rangi. Kuna sehemu yeye na Tweedy wanabishana pale Ashes of American Flags inapoungana na Heavy Metal Drummer, ni sekunde chache tu, Bennett anataka Tweedy akubali kwamba kamwelewa, Tweedy kashasema yameisha, Bennett harudi nyuma anaeleza tena upya, mpaka mwenzie anaenda chooni kutapika. Aisee inachosha kuangalia. Lakini mimi nikimwangalia Bennett pale namuona mtu anayejali kazi kuliko wote chumbani, ila hajui kunyamaza. Na Tweedy naye hakuwa mzima, kipandauso kilikuwa kinamtesa na dawa za maumivu zilishaanza kumshika, 2004 ndo akaenda kutibiwa.

mzee_wa_kaseti:
@Upande_B bendi haiwezi kuwa na nahodha wawili mkuu. Ila kurekodi alirekodi, hilo nakupa.

Mawimbi_Mafupi:
Mbona hakuna aliyegusa tarehe? Swali la mleta mada kuhusu wakosoaji jibu lake kubwa lipo hapo. Kwa mpango wa mwanzo hii albamu ilikuwa itoke Septemba 11, 2001. Jaladani kuna minara miwili (ni Marina City ya Chicago), kuna wimbo una mstari wa majengo marefu yanatikisika, kuna mwingine unataja majivu ya bendera za Marekani, na vyote viliandikwa kabla. Sasa mtu anaisikiliza Aprili 2002 huko Marekani, utamwambia hizi ni nyimbo za mapenzi tu? Kwahiyo sio pole kwa Tweedy, watu walijisikia wao wenyewe mle ndani, na kura za wakosoaji za gazeti la Village Voice za mwaka ule ikashika namba moja.

Na kelele nyingine sio pambo. Mwisho wa Poor Places, muziki unazidi kuvurugika halafu inabaki sauti ya mwanamke anarudia yankee hotel foxtrot, yankee hotel foxtrot, hana haraka wala hana hisia. Ile imetoka kwenye The Conet Project, mkusanyiko wa redio za mawimbi mafupi zinazosoma namba na herufi za siri, inaaminika ni za majasusi. Walichukua bila ruhusa, Irdial wenye mkusanyiko wakawashtaki, wakamalizana nje ya mahakama. Albamu nzima ni watu wanaongea hawafikiani, ndo maana ile sauti imekaa pale.

Kumi ya Pitchfork lakini naona stori ilichangia kidogo, tusidanganyane. Mimi ningetoa tisa.

Nyuzi_Sita:
Daah asanteni wakuu. Nimerudia Poor Places kwa hedifoni, ile sauti nilikuwa nadhani ni sehemu ya wimbo unaofuata. Hilo la kufuta badala ya kuongeza nalikubali, ila kumi bado naona nyingi, katikati pale kuna nyimbo naruka. @FundiMiksa lile toleo kubwa la 2022 lenye rekodi za mwanzo lina maana yoyote au ni kutukamua hela?

FundiMiksa:
Lina maana kama una subira, usianze nalo. Tafuta kwanza EP yao (rekodi fupi) ya More Like the Moon, mule kuna toleo jingine la wimbo wa Kamera wa kwenye albamu hii, wameiandika Camera, ni ya gitaa kali za roki kabisa. Isikilize, halafu hapohapo weka ya kwenye albamu, uje utuambie ungechagua ipi ungekuwa wewe Tweedy.