Andiko la majiko ya shule limerudishwa mara mbili, tunakosea wapi?

MwalimuWaStoo
Habari zenu wakuu. Nafundisha sekondari ya kata huku Kondoa, na ndiye nasimamia stoo na jiko la bweni. Wanafunzi wanaokula shuleni ni 412, milo mitatu kwa siku. Tunapikia kwenye mafiga chini ya kibanda cha bati. Kuni zinaletwa na Canter kila baada ya wiki mbili, na kila mwaka Canter hiyo inazifuata mbali zaidi.

Kwetu habari ya miti ina historia yake. Baba yangu alikuwa mfugaji. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) kwa sababu ardhi ilikuwa imekatika makorongo matupu. Baba alihama na ng'ombe wake ili vilima vipumzike. Leo vilima vile vina miti tena, na mimi mwanawe ndiye ninayesaini malipo ya kuni. Linaniuma.

Tumeomba ruzuku ya serikali mara mbili, zote kwa ajili ya mfumo wa gesi. Andiko linarudi na maneno mawili tu: "halijajitosheleza". Na agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa linatuhusu moja kwa moja. Aliyefanikiwa alianzia wapi?

Kijana wa Mnadani
Mwalimu, jaribuni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Diwani akisukuma inatoka.

Mipango Mstaafu
Hapana ndugu yangu, tusimpoteze mwalimu. Ile asilimia 10 ni mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Shule haimo. Ila kikundi cha akina mama kinachotengeneza mkaa mbadala, ule wa mabaki ya mimea badala ya miti, kinaweza kukopa, kisha kikawauzia shule.

Mwalimu, macho yako yawe kwa Wakala wa Nishati Vijijini. Uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi 2007, na nyuma yake kuna Mfuko wa Nishati Vijijini. Wengi wanaujua kwa nguzo za umeme, lakini siku hizi unatoa pia ruzuku ya mitungi ya gesi na majiko banifu, yaani yanayotumia kuni au mkaa kidogo, na umeingia hadi kwenye majiko ya magereza. Katika andiko lenu utajeni Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Onyesheni shule yenu inaingiaje kwenye hesabu hiyo.

Matroni Singida
Mwalimu, pole sana. La kwetu la kwanza nalo lilirudi, na nililia. Nilidhani wametudharau. Nilipolisoma tena baada ya mwezi nikaona wako sahihi: tuliomba vifaa, hatukuonyesha tunapoteza nini.

Anayelisoma andiko lako hajui Canter yenu inabeba kiasi gani. Hata wewe hujui, maana leo inajaa magogo, kesho matawi. Sisi tuliazima mzani wa alizeti kwa mnunuzi wa mazao, tukapima kuni za kila mlo kwa wiki tatu. Nikaandika kwenye daftari: tarehe, chakula, idadi ya wanafunzi, kilo za kuni. Ndipo tukagundua kwamba maharage peke yake yanakula kuni kuliko uji na ugali kwa pamoja.

Basi tukaanza na yasiyohitaji ruzuku. Maharage yanalowekwa tangu usiku. Kila sufuria likapata mfuniko, fundi bati alitukatia. Kuni zikapangwa chini ya paa zikauke, kwa sababu mti uliokatwa jana karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto unahangaika na maji hayo kwanza. Muhula uliofuata kuni zilipungua zaidi ya robo. Jedwali hilo ndilo lililokuwa ukurasa wa kwanza wa andiko la pili.

Walipokuja kutukagua waliuliza: gesi ya mwezi wa pili analipa nani? Hapa jipange, mwalimu. Ruzuku inanunua jiko, mtungi na bomba. Kujaza tena ni juu yenu. Nimefika shule moja yenye mitungi mikubwa mizuri, mitupu, na nyuma ya jengo mafiga yanawaka. Sisi tuliomba gesi ya uji wa asubuhi tu, kiasi ambacho kikao cha wazazi kilikubali kulipia na muhtasari tukauambatisha. Maharage na ugali tukaombea majiko banifu ya tofali: sufuria linazama ndani, moto unalizunguka, moshi unatoka kwa bomba, na chini kuna chaga ya mkaa mbadala.

Kosa letu kubwa lilikuwa kutomshirikisha mpishi. Fundi alijenga jiko la kwanza refu mno. Ugali wa watu mia mbili unasongwa kwa mgongo na mabega, sasa mama wa watu akawa anapanda juu ya tofali ndipo mwiko ufike chini. Wiki ya pili akarudi kwenye mafiga, na sikumlaumu. Tulilibomoa, likajengwa upya naye akiwa amesimama pale pale.

Fundi Umeme
Nyongeza fupi. Msilisahau jiko la presha la umeme kwa maharage ya walimu na wagonjwa bwenini. Sufuria moja la nyumbani haliimalizi yuniti, na yuniti kwa matumizi ya kawaida ni Sh 356. Kwa wanafunzi 412 mtahitaji makubwa, kwa hiyo nyaya zikaguliwe kabla hamjaandika bei.

MwalimuWaStoo
Shikamoo mama matroni. Mzee Mipango na fundi, asanteni mno.

Nilisoma haya Ijumaa. Leo tumepata mzani, na wa alizeti vilevile. Mlo wa mchana, ugali na maharage: kilo 187 za kuni. Mkuu wa shule alisimama kuutazama mzani, akaniambia nipime tena. Tukapima tena, 187.

Mpishi wetu mkuu nimemsomea habari ya lile jiko refu. Hakusema neno. Alichukua kamba ya katani, akasimama penye sufuria la ugali, akafunga fundo usawa wa kiuno chake, akanikabidhi. Iko kwenye droo yangu pamoja na daftari.

Matroni Singida
Marahaba mwanangu. Pima wiki tatu kamili, na siku za wali usiziruke.