Sanduku la karatasi za babu: tulipeleke wapi?

Mjukuu wa Karani, Lubumbashi
Jambo kwenu wote. Marehemu babu yetu alikuwa karani wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya Katanga, hadi kampuni hiyo ilipotaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967. Katika nyumba yake ya mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ameacha sanduku la bati lililojaa barua za jamaa zake wa Kasai, hati za mishahara, picha, na madaftari manne ya chama cha kusaidiana katika misiba, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa. Mtafiti mmoja ameomba achukue madaftari mawili tu, nao baba wadogo wanataka tugawane picha. Je, hifadhi ya nyaraka hupokea vitu vya mtu asiye na jina kubwa? Na nianze kuzipanga kwa mada?

Papa wa Kumbukumbu
Mwanangu, nimefanya kazi ya nyaraka kwa miaka mingi, na ombi langu la kwanza ni kwamba usipange chochote. Barua iliyofungwa pamoja na risiti ilifungwa hivyo kwa sababu fulani, hata kama wewe huioni, na ukizitenganisha utakuwa umefuta habari ambayo haikuandikwa popote. Kwetu sisi karatasi za mtu hukaa pamoja, kwa jina lake, katika mpangilio aliouacha.

Kuhusu jina kubwa, fikiria makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ambako zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu wa mashariki ya Kongo mwishoni mwa karne ya 19. Zimefika huko ndani ya karatasi za maofisa wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo wakati huo, waliozipokea au kuziteka, hasa wakati wa vita vyao na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vya 1892 hadi 1894, na kwa hiyo anayezitafuta hulazimika kuanza na jina la afisa, si la aliyeandika. Hapa kwenu mwandishi ndiye mwenye sanduku, jambo ambalo ni nadra. Majalada ya kampuni yatakueleza tani za shaba. Nani alimchangia nani jeneza, hilo limo katika madaftari ya babu yako.

Usibandike seloteipu wala usizifunike kwa plastiki ya moto. Liinue sanduku kutoka sakafuni kabla ya mvua za Novemba, maana mchwa wa Katanga hawangoji ruhusa ya familia.

Dada wa Kadutu, Bukavu
Naongeza jambo moja, na ninalisema kwa uchungu. Mjomba wangu, aliyekuwa katekista, alimwazima mgeni madaftari yake bila maandishi yoyote, na hatukuyaona tena. Yasitoke mawili wala moja. Mkienda kwenye hifadhi, ulizeni kama mnatoa hiba, ambayo hairudi, au mnaweka amana, ambayo familia hubaki na umiliki wake, kisha pande zote zitie sahihi. Kama barua zinataja magonjwa au ugomvi wa watu walio hai, ombeni zifungwe kwa miaka mtakayokubaliana. Mkumbuke pia kwamba karatasi ni mali yenu, lakini haki ya kuchapisha maneno yaliyomo ni ya walioandika au warithi wao.

Mjukuu wa Karani
Asanteni sana. Nimewasomea baba wadogo majibu haya, nao wamekubali picha zibaki sandukuni na kila mmoja apate nakala. Mtafiti atakuja kusoma hapa mezani, kwa penseli, na akitaka kupiga picha daftari atalipiga lote, pamoja na jalada na kurasa tupu. Limebaki swali dogo: ndani ya daftari la tatu kuna majani makavu ya mti. Niyatupe?

Papa wa Kumbukumbu
Hapana, mwanangu. Yatie katika bahasha ya karatasi, uandike kwa penseli yalikuwa kati ya kurasa zipi, kisha uirudishe palepale.