Tupeane uzoefu: ruzuku za umma kwa miradi ya ajira na ujuzi, asasi zetu zinazipataje?

Wakuu, habari za leo.

Nimesimamia miradi ya mafunzo ya kazi kwenye asasi ndogo kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi na viongozi wenzangu ni hili: hela za umma za kuwapa watu ujuzi na kuwaingiza kazini zipo na zinatangazwa, mbona zinaishia kwa wale wale? Naomba kila mtu aseme alichokiona, awe alipata au alikosa. Wa nchi yoyote karibu, maana masharti yanafanana kuliko tunavyodhani.

Naanza mimi. Kwa ninavyoona, asasi nyingi hazikosi ruzuku kwa sababu ya andiko baya. Zinakosa kwa sababu zinaanza kujiandaa siku wito, yaani tangazo la kuomba ruzuku, unapotoka. Wito hukaa wazi wiki chache, na katika wiki hizo huwezi kupata hesabu zilizokaguliwa wala kujenga uhusiano na mwajiri hata mmoja. Kabla ya kusoma wazo lako, ofisi ya ruzuku inapitia mambo ya kuchosha: usajili uko hai? Bodi inakutana, na mihtasari ipo? Kuna sera ya manunuzi, na ya ulinzi wa watoto na watu walio katika hatari? Kikikosekana kimoja, andiko halifiki kwa wanaotoa alama. Kwetu kuna faili moja lenye nyaraka zote hizo, na mtu mmoja ambaye ni jukumu lake kuona hakuna cheti kilichoisha muda.

Jambo la pili ni lugha ya andiko. Asasi hupenda kueleza itafundisha nini, lakini mfadhili wa umma anataka kujua nani ataingia kazini, kazi gani, kwa mwajiri yupi, na kama atakuwa bado yuko kazini miezi kadhaa baadaye. Andiko lenye barua za waajiri wanaosema "tunahitaji watu wenye ujuzi huu, na tutawapa usaili wahitimu wenu" lina nguvu kuliko kurasa nyingi za maelezo ya umaskini.

Karibuni.

Mratibu wa wahamiaji

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi niko Ulaya, kwenye asasi inayowasaidia wahamiaji kupata kazi. Mfuko mkubwa hapa ni Mfuko wa Kijamii wa Ulaya, ulio chini ya Umoja wa Ulaya na ulioanzishwa na Mkataba wa Roma wa 1957. Siku hizi unaitwa ESF+, na kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 umetengewa takriban yuro bilioni 99. Wengi wanapotea kwa kutafuta mlango Brussels, wakati sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo inasimamiwa na mamlaka za nchi wanachama na mikoa yao. Wito unatoka huko, kwa lugha ya huko.

Mambo mawili ndiyo yanayozielemea asasi. La kwanza, mfuko haulipii mradi wote. Kwa kawaida kikomo ni asilimia 40 kwenye mikoa iliyoendelea zaidi, 60 kwenye mikoa ya kati na 85 kwenye iliyo nyuma. Pengo linalobaki lazima lizibwe, na ushahidi wa chanzo chake uwepo wakati wa kuomba. La pili ndilo zito zaidi: malipo mengi ni ya kurejeshewa. Unalipa mishahara na kodi ya ukumbi, unapeleka madai, yanakaguliwa, kisha unasubiri. Nimeiona asasi jirani, yenye walimu hodari na wahitimu wanaopata kazi kweli, ikishindwa kulipa mishahara huku ikidai fedha halali kabisa. Iliumiza sana kuitazama. Kwa hiyo kabla ya kuomba, mhasibu achore mtiririko wa fedha wa kila mwezi akichukulia kuwa malipo yatachelewa. Kisha muulize mfadhili mapema kama kuna malipo ya awali, na ni kiasi gani.

Halafu kuna ushahidi wa kila mshiriki. Siku anayoingia mnahitaji karatasi inayothibitisha kuwa hana kazi au yuko kwenye kundi linalolengwa. Anapomaliza, matokeo yake yanapimwa ndani ya wiki nne, mengine miezi sita baadaye, na wakati huo huenda ameshahama au amebadilisha namba ya simu. Sisi tangu siku ya kwanza tunachukua mawasiliano ya ndugu au rafiki pia, kwa ridhaa yake ya maandishi. Nyaraka za madai zinatunzwa miaka mitano, kuanzia mwisho wa mwaka mliopokea malipo ya mwisho.

Mhasibu wa asasi

Niongezee kwa aliyetangulia, maana hapa ndipo watu wanapoacha hela mezani. Kanuni za ESF+ zinaruhusu viwango vya asilimia iliyopangwa, badala ya kudai kila gharama kwa risiti yake. Unaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za wafanyakazi wa mradi kama gharama za uendeshaji, bila kupeleka risiti ya umeme wala ya karatasi. Kuna njia nyingine ambapo hadi asilimia 40 ya gharama za wafanyakazi inafidia gharama zote zilizobaki. Saa ya mfanyakazi inaweza kukokotolewa kwa kugawa gharama yake ya mwaka kwa 1,720. Ila ni wito wenyewe unaosema njia ipi inatumika, kwa hiyo usomwe na mhasibu siku ya kwanza. Kumpelekea bajeti aikague usiku wa mwisho ni kumwonea yeye na mradi.

Niko Marekani

Huku sheria mama ya mafunzo ya kazi na ajira ni ile ya 2014 inayoitwa WIOA. Fedha zake nyingi zinapitia majimboni, kisha zinashuka kwa bodi za ajira za maeneo, ambazo ndizo zinazoingia mikataba na watoa huduma. Asasi yetu ilipata kazi yake ya kwanza kwa njia hiyo. Mkurugenzi wetu alikuwa akihudhuria mikutano ya wazi ya bodi muda mrefu kabla ya zabuni kutangazwa, kwa hiyo alijua ni ujuzi gani unaokosekana na bodi inahangaika na kundi gani. Programu nyingine, kama YouthBuild ya vijana walioacha shule, zinashindaniwa moja kwa moja kwenye Wizara ya Kazi.

Anayetaka kuomba fedha za serikali kuu lazima asajiliwe SAM.gov, tovuti ya serikali ya usajili. Usajili ni bure, tafadhali msimlipe mtu yeyote anayejifanya wakala, na unahuishwa kila mwaka. Tangu Aprili 2022 namba ya utambulisho wa asasi inayotumika ni UEI, sio DUNS ya zamani. Uthibitisho unaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msisubiri tangazo.

Na kuhusu gharama za uendeshaji: asasi isiyo na kiwango kilichokubaliwa na serikali sasa inaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika, badala ya 10 ya zamani. Kanuni hiyo ilianza Oktoba 2024. Dai haki yako. Kuandika sifuri ili uonekane wa bei nafuu ni kuwatwisha wafanyakazi wako mzigo wa ofisi usiolipiwa.

Mshauri wa kazi, Uingereza

Nizungumzie mikataba ya kulipwa kwa matokeo. Programu ya Work Programme, ya kuwaingiza kazini watu wasio na ajira, ilipoanza Juni 2011, serikali iliingia mikataba na wakandarasi wakuu, na asasi nyingi ziliingia chini yao. Malipo makubwa yalianza kuja mtu akishakaa kazini miezi mitatu au sita, kulingana na kundi lake. Asasi niliyofanyia kazi ilikuwa na watu wenye matatizo ya afya ya akili, wanaohitaji muda. Tuliletewa wachache kuliko tulivyotarajia, na wale waliokuja walikuwa wagumu zaidi kuajirika, huku mshauri akilipwa mshahara kila mwezi. Sisemi msiingie. Nasema mkataba wenu na mkandarasi mkuu usomwe na mwanasheria, na muulize maswali haya kabla ya kusaini: idadi ya watu imehakikishwa? Kuna malipo ya kuanza? Mkandarasi mkuu anakata asilimia ngapi? Nani anabeba hasara mtu akiacha kazi wiki ya kumi?

Mgeni jamvini

Wakuu, nimejifunza mengi. Asasi yetu ina wafanyakazi wanne na haijawahi kupata ruzuku ya umma. Tuombe wenyewe au tujiunge na kubwa?

Mwanzisha uzi

Mkuu, kwa ukubwa huo ningeanza kama mbia. Tafuteni asasi au chuo chenye uzoefu wa kuongoza, ninyi mlete kile ambacho wao hawana: pengine mnaaminiwa na watu ambao hawaendi kamwe kwenye ofisi za ajira. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya andiko kupelekwa: nani anafanya nini, anapata kiasi gani, na fedha zinawafikia ndani ya siku ngapi baada ya kiongozi kulipwa. Ombeni nakala ya masharti ya ruzuku yenyewe, msitosheke na muhtasari wa kiongozi, kwa sababu mkaguzi akikataa madai yenu, mtakaorudisha fedha ni ninyi.

Na kama ruzuku ni kubwa kuliko mapato yenu ya mwaka mzima, bodi ikae kwanza ijadili kama mnaweza kuibeba.

Mkikataliwa, ombeni alama na maoni ya wasahihishaji. Ofisi nyingi hutoa mkiomba, na ni vigumu kupata mwalimu bora kwa andiko linalofuata. Wiki hii anzeni na waajiri watatu. Waulizeni nafasi zipi zinawashinda kujaza, muandike majibu yao kama walivyoyasema, kisha rudi hapa utuambie wamesema nini, tukusaidie kuyageuza kuwa andiko.